Dirisha, Shuka na Taa Moja

Ukizunguka nyumba za watu kuanzia Rongo hadi Isebania, au ukipita Ndhiwa mpaka Mbita, utakuta sebuleni picha ya uso wa mtu mmoja imetundikwa juu karibu na dari. Mara nyingi ni ya babu au nyanya aliyefariki. Na mara nyingi haikupigwa ili itundikwe. Ilikatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, ikakuzwa mpaka uso ukajaa chembechembe, na bega la jirani bado liko pembeni. Mtu amelea watoto na wajukuu, amejenga boma, ameongoza kanisa, lakini hana picha hata moja aliyokalishwa peke yake akatazamwa vizuri. Familia huligundua hilo wakati wa matanga, kijitabu cha mazishi kinapoandaliwa na jalada linahitaji uso.

Mimi ni mpiga picha. Chumba changu cha kazi kiko Migori mjini, na nikiitwa Homa Bay hufunga vifaa kwenye gunia nikapanda matatu. Nimeletewa nyuso nyingi za kukata namna hiyo, na nikizitazama sioni ubovu wa kamera. Nyingine zilipigwa kwa kamera nzuri kuliko yangu. Naona jua la utosi lililochimba mashimo meusi machoni, au flashi iliyopigwa usoni moja kwa moja ikang'arisha paji na kuacha mashavu bila umbo. Ndiyo maana kijana akinijia kuuliza anunue kamera gani ili aanze studio, humwambia azishike fedha zake kwanza. Ikiwa ana simu yenye kamera ya kawaida, studio yake itaanza kwa mwanga, na mwanga wa kuanzia mimi niliupata kwa chini ya shilingi 3,000.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine hufuata. Mwanga kuwa laini hakumaanishi kuwa hafifu. Ulaini hutokana na ukubwa wa mahali mwanga unapotokea, ukipimwa kutoka usoni mwa anayepigwa. Jua ni kubwa mno, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo mbele ya uso ni nukta tu, na nukta hutoa kivuli chenye ukingo mkali chini ya pua na kidevu. Wingu likilifunika, mbingu nzima hugeuka kuwa taa na kivuli hupotea. Balbu tupu ni nukta vilevile. Balbu hiyohiyo ukiiweka nyuma ya shuka jeupe lenye upana wa mita moja na nusu, kinachomulika uso sasa ni shuka. Lakini shuka hilo ukilipeleka upande wa pili wa ukumbi wa kanisa, mita 8 kutoka kwa mteja, linarudi kuwa dogo na vivuli vinakuwa vikali upya. Mwanga uwe mkubwa, na uwe karibu. Mwenye fedha kidogo azitumie kununua ukubwa huo. Ukali wa taa utafuata siku nyingine.

Mwanga mkubwa usiolipiwa ni wa dirisha. Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa Ulaya na Marekani, na husisitiza dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu huko jua halifiki upande huo. Kabla ya taa za umeme, studio zao za karne ya 19 zilijengwa na paa la vioo lililoelekea kaskazini. Ushauri huo ukiletwa kwetu jinsi ulivyo unapotosha. Homa Bay iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, na Migori digrii moja. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini. Hata hivyo hupita juu sana, hata Juni na Desemba, kiasi kwamba upenu wa kawaida wa mabati hulizuia lisiingie ndani saa za katikati ya mchana. Kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini kwetu yote yanafaa. Yanayosumbua ni ya mashariki na magharibi: la mashariki litumie alasiri, la magharibi asubuhi.

Na jua letu la utosi haliji saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hupimwa kwa mstari wa digrii 45 unaopita Somalia, nasi tuko mbali magharibi yake, kwa hiyo hapa jua huwa juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba. Wanaopanga picha za harusi saa saba mchana wakiamini jua limeanza kushuka wamejichagulia wakati mbaya kuliko wote.

Mkalishe mteja ubavu kwa dirisha, mita moja hivi kutoka lilipo, kisha ageuze uso kidogo kuelekea mwanga. Ziba sehemu ya chini ya dirisha kwa gazeti au leso nzito, ili mwanga umfikie ukitoka juu kidogo ya macho. Mwanga unaotoka chini humpa mtu sura ya kutisha. Mtazame mboni. Ukiona ndani yake taswira ndogo ya dirisha, upande wa juu, umefika. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe jembamba dirishani. La mtumba linatosha, ilimradi liwe jeupe kweli, maana shuka lililogeuka manjano hutoa uso wa manjano. Kuna wanaotumia chandarua. Matundu yake hupitisha mwanga moja kwa moja bila kuusambaza, na katika kanda hii ya ziwa yenye malaria chandarua kina kazi yake kitandani. Kiacheni huko.

Upande wa kivuli simamisha kitu cheupe: kipande cha silingi bodi kilichopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, au lile povu jeupe linalokuja ndani ya katoni za friji na televisheni. Wenye maduka ya vifaa vya umeme huwa wanalitupa. Likisogezwa karibu, kivuli cha shavu hujaa. Likirudishwa nyuma, uso hupata uzito. Upande wa pili wa bodi upake nyeusi, kwa maana zipo nyuso pana ambazo hupendeza zaidi ukizipunguzia mwanga upande mmoja.

Anayedhani hiyo si studio ya kweli amtazame Seydou Keïta. Alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Alibadili mapazia kila baada ya miaka michache, na baadaye hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ilipigwa lini. Leo nyuso hizo za watu wa Bamako zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Sasa ngozi. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu wateja wetu wengi, wawe Waluo, Wakuria, Wasuba au Waluhya, wana ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na mafunzo mengi ya mwanga hayakuandikwa kwa ajili yao. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kampuni hiyo kutoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Fungua albamu ya zamani ya familia yako: shati la sare na meno vinang'aa, na uso umezama.

Kamera na simu za leo ni bora zaidi, lakini zikiachiwa zenyewe hutafuta wastani wa kijivu. Mvalishe mtu mweusi shati jeupe, msimamishe mbele ya ukuta mweupe, na kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, uso ndio utakaoumia. Kwenye simu gusa uso kiooni na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge hapo. Kwenye kamera pima uso wenyewe. Shati likipauka kidogo si neno; hakuna anayekumbuka mzazi wake kwa mshono wa kola.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ngozi nyeusi haitoi umbo lake kwa kumwagiwa mwanga mwingi. Hulitoa kwa kuakisi. Shavu la mtu mweusi hubeba taswira ya dirisha jinsi ziwa pale Homa Bay linavyobeba mbingu alfajiri, kabla upepo haujavuma. Dirisha likiwa kubwa, mng'ao huo huwa mpana na hufifia polepole, na unaona mfupa wa shavu, taya, mpaka mistari ya kicheko. Balbu ndogo huacha nukta kali kwenye paji na pua, basi. Kwa hiyo ile bodi nyeupe usiiweke ubavuni tu. Jaribu kuisogeza nyuma kidogo ya bega la mteja, upande wa kivuli, na utaona mstari wa mwanga ukichora taya lote na kulitenga na pazia jeusi. Ni bodi ya bure, nayo hufanya kazi ambayo wengine huinunulia taa ya pili.

Wateja wakija wamejipaka mafuta, usiwaambie wayafute yote. Bonyeza karatasi laini kwenye paji na ncha ya pua, ishia hapo. Bibi mmoja wa Karungu aliletwa na mjukuu wake, ambaye alitaka nimpake poda kisha nimng'arishe kwenye kompyuta. Bibi akanitazama akasema, "Nyathina, mwanangu, mimi nataka watoto wanijue." Nikamjibu, "Sawa, dani, geuka kidogo dirishani." Ile hamu ya kumfanya kila mtu aonekane mweupe kuliko alivyo imeharibu picha nyingi katika miji yetu, na naipinga kwa nguvu zangu zote. Mwanga mzuri humwonyesha mtu katika rangi yake.

Kuna adui mwingine ambaye vijana hawamshuku: ukuta. Maduka yetu mengi yamepakwa rangi za kampuni za simu, soda au rangi za nyumba, ndani na nje. Mwanga ukipiga ukuta wa kijani hurudi usoni ukiwa wa kijani, na hakuna programu ya simu inayouondoa vizuri, kwa sababu umeshika shavu moja tu. Turubai la buluu mlangoni hufanya vivyo hivyo. Ukipangisha chumba, omba ruhusa ya kupaka kuta tatu rangi nyeupe isiyong'aa na ule wa nyuma kijivu cha kati. Ndoo moja ya rangi itakufaa kuliko lenzi.

Dirisha lina mpaka wake. Kufikia saa moja jioni jua limezama, na wanaouza sokoni hufunga biashara jioni. Hao ndio wateja. Kwa ajili yao tengeneza taa. Chukua ubao wa mita moja, funga holda nne, weka balbu nne za LED za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, zote za mwanga mweupe, maana nyeupe na ya manjano zikichanganywa hutoa uso wa rangi mbili. Angalia kwenye boksi namba iliyoandikwa CRI au Ra. Balbu nyingi zina 80. Ukipata ya 90 au zaidi, lipia hiyo tofauti, kwani wekundu ulio ndani ya ngozi ya kahawia utaonekana vizuri. Ubao huo usimamishe wima nyuma ya shuka lililokazwa kwenye fremu ya mbao, sentimita 50 hivi kati ya balbu na shuka, ili shuka lote liwake. Fundi wa jua kali atakuchomelea stendi kwa vipande vya bomba. Mwambie miguu iwe mipana, na uweke juu yake gunia la mchanga, kwa sababu watoto hukimbia studioni. Usitumie zile taa za zamani za wajenzi zenye joto kali karibu na kitambaa. Zinaunguza.

Balbu za bei nafuu humetameta. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo balbu kama hizo huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera huona, na picha hutoka na mistari myeusi iliyolala. Kabla ya kulipa, iwashe dukani na uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye kioo, irudishe rafuni. Ikiwa huna nyingine, weka shata kwenye 1/50 au 1/100 na mwombe mteja atulie.

Halafu cheza na umbali, maana hauna gharama. Ukirudisha taa mara mbili ya umbali wake, uso hupata takriban robo ya mwanga; mara tatu, sehemu moja ya tisa. Chukua ukuta wako wa kijivu. Mteja akiwa mita moja kutoka kwenye shuka na ukuta ukiwa mita tatu, ukuta hugeuka karibu mweusi, na picha hupata uzito unaowafaa wazee. Sogeza taa na mteja wote karibu na ukuta, ukuta uleule unakuwa kijivu chepesi kinachowafaa wanaohitimu. Sijapata kuona sababu ya studio changa kununua mapazia matano.

Umeme ukikatika, jambo la kawaida ngurumo za alasiri zinapopiga wakati wa masika, wapiga picha wa pwani ya ziwa wana bahati yao. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni LED zinazotumia betri. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua Mbita kituo cha kuchajia taa za wavuvi kwa nguvu za jua, na tangu hapo fundi wa taa hizo si mtu wa kutafutwa sana. Taa ya omena ni kali na ni nukta, lakini nyuma ya shuka hutoa mwanga uliotulia, na betri yake huvumilia wateja wa jioni nzima. Nimeitumia Mbita na nitaitumia tena.

Biashara ikianza kulipa, na ukiwa na kamera badala ya simu, kitu cha kwanza kununua ni flashi moja ya betri, ile ndogo ya kurekebishwa kwa mkono, pamoja na kifaa cha redio cha kuiwashia mbali na kamera, na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga. Tafuta iliyotumika. Betri zake ni nne za kawaida, nunua za kuchaji. Flashi hufanya mambo mawili ambayo balbu haiwezi. Hulipuka kwa muda mfupi mno, hivyo mtoto anayerukaruka hutoka bila ukungu. Na ni kali kiasi kwamba shata ikiwekwa 1/200 ule mwanga wa chumba, pamoja na taa za duka la jirani, hupotea picha nzima na unabaki na mwanga wako peke yake. Mwavuli uweke karibu kadiri uwezavyo bila kuingia pichani. Kanuni ni ileile ya shuka.

Taa ya duara, ambayo kila kijana huitaka kwa sababu anaiona kwenye video, iache. Hukaa mbele ya uso, hufuta vivuli vyote vinavyolipa shavu umbo lake, na huacha pete nyeupe katikati ya mboni. Kwa video ya kujirekodi inafaa. Kwa picha ya kutundikwa ukutani haifai.

Picha za pasipoti ndizo zitakazolipa kodi, na hazihitaji ufundi mkubwa: ukuta mweupe, mteja mita moja mbele yake ili kivuli kisianguke nyuma, mwanga mkubwa kutoka mbele kidogo pembeni na bodi upande wa pili. Ukitumia simu, rudi nyuma mita mbili na uvute picha mara mbili. Simu ikikaribia sana hunenepesha pua. Na mteja akishalipia pasipoti yake, usimwachie ainuke. Mgeuze kidogo dirishani, umpige moja ya ziada kwa mwanga wa upande mmoja, umwonyeshe. Wateja wangu wengi wa picha kubwa walianza hivyo, waliponyanyuka na kujiona.

Kwa msomaji asiyekusudia kufungua studio, nina ombi. Desemba ikifika watu watashuka kutoka Nairobi, Mombasa na Kisumu kuja nyumbani, kila mtu na simu yake. Chukua shuka, tafuta dirisha lisilopigwa na jua, mkalishe baba, mama, nyanya au mjomba, mmoja mmoja, akiwa amevaa alichochagua mwenyewe. Zima flashi ya simu. Kisha peleka picha ikachapishwe kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, nakala mbili: moja ya ukuta wake, na nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mji mwingine.